Masisi: Kitabu ambacho mtoto asiyeona wa Kirolirwe anaweza kukimbia nacho

Anayepanda kutoka Sake kwenda Kitshanga anapita Kirolirwe, au Kilolirwe kama wengine wanavyoandika. Ni vilima vya malisho, ng'ombe, nyumba za mbao na barabara inayogeuka matope mvua ikinyesha. Tuko katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini. Kwenye malisho ya milima kama hii ndiko yanakotoka maziwa na jibini ya Masisi inayouzwa Goma.

Lakini watu wa mbali wanalijua jina la Kirolirwe kwa sababu ya vita. Mwaka 2007 na 2008 lilitajwa mara kwa mara kwenye redio wakati wa CNDP ya Laurent Nkunda. Mwezi wa Januari 2023 waasi wa M23 waliteka Kitshanga, na watu wa eneo hilo lote wakashika njia. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wanajeshi wa Burundi wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki walifika. Mwezi wa Oktoba mapigano yakarudi.

Kila aliyewahi kukimbia analijua swali la dakika ile: nibebe nini? Mtu anachukua sufuria, bido ya maji, godoro kama nguvu zipo, mtoto mgongoni, na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Vitabu vinabaki. Kwa mtoto anayeona hiyo ni hasara, lakini anaweza kuifidia kidogo. Akifika kambini ataazima daftari la mwenzake na kunakili. Mtoto asiyeona hana wa kumwazima. Kama alikuwa na kitabu cha breli, kitabu hicho kilikuwa kizito kuliko sufuria. Na kama hakuwa nacho, yaani hali ya wengi, basi masikio yake ndiyo yalikuwa kitabu chake, na mwalimu akinyamaza, shule imefungwa.

Makala hii inahusu jambo linaloonekana dogo sana mbele ya vita na njaa: namna faili ya kitabu inavyopangwa ndani ya kompyuta. Lakini jambo hilo ndilo linaloamua kama mtoto asiyeona wa Kirolirwe atapata kitabu kilekile ambacho wenzake wanacho, kwa wakati uleule, na kama ataweza kukimbia nacho.

Uzito wa nukta sita

Breli, yaani maandishi ya nukta nundu, ilitungwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza macho akiwa mtoto. Alichapisha mfumo wake mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20. Kila herufi ni mpango wa nukta zisizozidi sita zinazosomwa kwa ncha ya kidole. Karibu miaka 200 imepita, na bado hakuna njia nyingine inayomfundisha asiyeona tahajia, nafasi ya koma, na kuandika kwa mkono wake mwenyewe kama breli inavyofanya.

Tatizo lake ni ukubwa. Karatasi ya breli ni nene ili nukta zisilale. Nukta zenyewe hazipungui ukubwa, kwa sababu kidole hakiwezi kusoma maandishi madogo. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida unaweza kuzaa kurasa mbili au tatu za breli. Kitabu kimoja cha darasa kinakuwa majuzuu kadhaa. Anayetaka kupima uzito huo afikirie Biblia: ile tunayoshika kwa mkono mmoja tukienda kanisani, kwa breli inakuwa rafu nzima, majuzuu zaidi ya 15. Mashine ya Perkins, ambayo shule nyingi za wasioona duniani zinatumia kuandikia, ina uzito wa karibu kilo 5.

Sasa peleka mzigo huo Masisi. Ufike kwa gari hadi Goma, upakiwe kwenye pikipiki, upite kila bariyeri na kulipa pale wanapotaka kulipwa, uvuke matope, uingie ndani ya darasa linalovuja. Halafu siku risasi zikilia, uache kila kitu.

Kaseti ilikuwa jibu la kwanza. Wazee wetu wanaikumbuka: ukitaka wimbo wa katikati, unapeleka mbele, unarudisha nyuma, unakisia. Hebu fikiria kutafuta ukurasa wa 47 wa kitabu cha historia kwa namna hiyo, huku mwalimu ameshaanza kusoma. Kitabu cha sauti kisicho na milango ni kama redio: unasikia kinachopita, huwezi kurudi pale unapotaka.

Ili kutatua shida hiyo, maktaba za vitabu vya kusikiliza kutoka nchi mbalimbali ziliungana mwaka 1996 na kuunda muungano unaoitwa DAISY Consortium. Kazi yao ilizaa kanuni ya DAISY: kitabu ambacho sauti na maandishi vinatembea pamoja, na msomaji anaruka kutoka sura hadi sura, kichwa hadi kichwa, ukurasa hadi ukurasa, kama vile anayeona anavyofungua karatasi. Baadaye mawazo yale yaliingia katika EPUB 3, aina ya kitabu cha elektroniki iliyotolewa mwaka 2011, ambayo leo inatumika na wachapishaji wa kawaida duniani kote. Kwa hiyo kitabu cha asiyeona na kitabu cha anayeona vinaweza kuwa faili moja.

Mpango wa ndani ya faili

Tuchukue mfano. Mwalimu anaandika somo la historia kwenye kompyuta: "Uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960". Ili watoto waone kwamba ni kichwa cha somo, anachagua maneno hayo, anayafanya makubwa, anayakoleza wino, anayaweka katikati. Kwa jicho, kazi imekwisha. Lakini kompyuta haijui kwamba hicho ni kichwa. Inachojua ni kwamba maneno haya ni manene kuliko mengine.

Mwalimu wa pili anaandika maneno yaleyale, lakini badala ya kuyanenepesha tu, anaiambia programu: hiki ni kichwa cha kiwango cha kwanza. Chini yake anaweka "Uchaguzi wa Mei 1960" na kusema: hiki ni kichwa cha kiwango cha pili. Orodha anaiandika kama orodha, si kwa kupiga vistari kwa mkono. Jedwali analitengeneza kama jedwali, si kwa kusogeza maneno na nafasi tupu. Namba za kurasa za kitabu cha karatasi anazihifadhi. Kila picha anaiandikia maelezo. Na mwisho anasema kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha gani.

Kwenye karatasi, kazi za walimu hawa wawili zinafanana. Ndani ya kompyuta, ya kwanza ni gunia la maneno, ya pili ni nyumba yenye vyumba na milango. Asiyeona hatumii rangi wala unene wa herufi kujua yuko wapi. Anatumia milango.

Tuseme kitabu kina ramani ya nchi yetu. Kama hakuna maelezo, sauti ya kompyuta inasema tu kwamba hapa kuna picha, kisha inaendelea. Kama mwandishi ameandika sentensi moja, kwamba ramani inaonyesha RDC na nchi tisa zinazopakana nayo, kwamba Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania ziko upande wa mashariki, mtoto amepata ramani. Sentensi moja inachukua dakika moja.

Mbegu moja, mazao manne

Faida ya faili iliyopangwa ni kwamba unaifanya kazi mara moja, kisha inazaa mara nyingi.

Zao la kwanza ni breli ya karatasi. Programu huru kama LibLouis inageuza herufi kuwa nukta, na ina kanuni za lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo, na Kiswahili cha Kenya pia. Printa ya breli inapiga nukta kwenye karatasi. Kwa sababu vichwa vimewekewa alama, programu inajua yenyewe wapi ianze ukurasa mpya na wapi iache mstari mtupu. Anayesahihisha ana kazi ya kusahihisha, si ya kuandika kitabu upya.

Zao la pili ni breli isiyo na karatasi: kifaa kidogo chenye vipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, mstari baada ya mstari. Kifaa hicho kinabeba rafu nzima ya vitabu. Bei yake bado ni kubwa kwa familia ya kijijini, lakini shule au parokia inaweza kuwa nacho kimoja.

Zao la tatu ni sauti. Ama mtu anasoma na sauti yake inafungwa kwenye vichwa na kurasa, ama kompyuta yenyewe inasoma. Programu ya eSpeak NG, ambayo ni ya bure, inasema Kiswahili. Sauti yake ni kavu, kama mtu anayeongea ndani ya kopo, lakini aliyeizoea anaisikiliza kwa kasi ambayo sisi wengine hatuwezi kufuata. NVDA, programu inayomsomea asiyeona kila kilichopo kwenye skrini ya kompyuta, nayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Simu za Android zina msomaji wa skrini anayeitwa TalkBack.

Zao la nne ni maandishi makubwa. Hapa tusiwasahau watoto wenye ualbino. Wengi wao wanaona, lakini hafifu, na ubao ulio mbali hawausomi. Faili iliyopangwa inakuzwa herufi kwa kugusa mara moja bila mistari kuvurugika, au inachapwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi.

Na uzito? Maandishi matupu ya kitabu kizima mara nyingi hayafikii megabaiti moja. Sauti ya mtu anayesoma, ikibanwa kwa kiasi cha kawaida cha usemi, inachukua karibu megabaiti 14 kwa saa. Maana yake kadi ya memori ya gigabaiti 16, ile ndogo kama ukucha, inabeba zaidi ya saa 1,000 za masomo. Mama anaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuna bariyeri inayoitoza.

Ukurasa uliopigwa picha

Wakati wa masomo yangu ya uandishi wa habari tulikuwa na mwenzetu asiyeona. Kozi zilikuwa zinauzwa kama fotokopi, na baadaye zikaanza kuzunguka kwenye WhatsApp kama PDF. Tulifurahi kwa niaba yake: sasa atasoma mwenyewe kwenye simu. Alifungua faili ya kwanza, simu ikanyamaza. Faili ya pili, ikanyamaza. Zilikuwa picha. Mtu alikuwa amepiga picha karatasi moja moja kwa simu na kuzifunga pamoja. Kwa macho yetu yalikuwa maandishi, kwa simu yake ilikuwa kama picha ya ukuta. Tukarudi kwenye desturi ya zamani, kumsomea kwa zamu jioni. Na wiki ya mitihani, kila mtu akiwa na haraka zake, zamu zilipungua. Hakuna aliyemkataa. Alikosa tu wakati wetu, na wakati huo ndio uliokuwa maksi zake.

Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi nikiona walimu wa Masisi waliokimbia wakitumiana vitabu kwa simu. Nia ni njema kabisa. Lakini PDF ya picha ni mlango uliochorwa ukutani.

Kuna programu zinazojaribu kutambua herufi ndani ya picha. Zinasaidia pale ambapo karatasi ni safi na mstari umenyooka. Ukiwa na fotokopi ya fotokopi, yenye kivuli cha kidole pembeni, zinaleta makosa mengi. Isitoshe, hata zikipata herufi zote, hazirudishi milango: mtu lazima apite tena aonyeshe vichwa, orodha na majedwali. Ni rahisi zaidi kupata faili ileile ambayo mchapishaji aliitumia. Kila kitabu kilichochapwa miaka hii kilikuwa faili kabla ya kuwa karatasi. Swali ni nani anayo, na kama ataitoa.

Kuku anapoitwa kwa Kifaransa

Kwetu kuna shida nyingine ambayo vitabu vya maelekezo vya nje haviisisitizi sana. Mtoto wa Kivu anaanza masomo kwa Kiswahili, anaendelea kwa Kifaransa, na mara nyingi ukurasa mmoja una lugha zote mbili. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu elimu ya taifa inatoa nafasi kwa lugha za taifa katika elimu, na Katiba inataja nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Nyumbani Kirolirwe mtoto anaweza kuwa anasema Kihunde au Kinyarwanda.

Kompyuta haijui hayo mpaka iambiwe. Kama faili haikusema lugha, sauti ya Kifaransa itasoma Kiswahili kwa kanuni zake. Neno "kuku" litatoka karibu na "kiki", na "juu" litatoka kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Masisi ameisikia. Kinyume chake, sauti ya Kiswahili itasoma kila herufi ya Kifaransa, hata zile ambazo Wafaransa wenyewe hawazitamki. Mtoto anayeona atacheka. Mtoto asiyeona, ambaye anajifunza lugha kupitia sauti hiyo, atadhani ndivyo inavyosemwa.

Dawa ni ndogo: kuchagua aya ya Kiswahili na kuiandika kuwa ni Kiswahili, kuchagua neno la Kifaransa na kuliandika kuwa ni Kifaransa. Programu za kuandikia zinaruhusu hilo. Sauti inabadilika yenyewe ikifika hapo, na breli pia inabadilisha kanuni, maana Kifaransa kina herufi zenye alama ambazo Kiswahili hakina.

Majirani wamefika wapi

Nchini Kenya, shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na kwa miaka mingi breli ilichapwa kwa namna ya zamani, kitabu baada ya kitabu. Leo kampuni ya eKitabu ya Nairobi inatengeneza vitabu vya EPUB vinavyosomeka na wasioona, na taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, imewataka wachapishaji wa vitabu vya shule watoe pia faili ya aina hiyo. Hapo ndipo fundo linafunguka: mchapishaji hatoi sadaka, anatimiza sharti la soko.

Marekani walifika hapo mapema zaidi. Sheria yao ya elimu ya mwaka 2004 iliweka kanuni moja ya faili za vitabu vya shule, inayojulikana kama NIMAS, iliyojengwa juu ya DAISY. Mchapishaji anayeuza kitabu shuleni anaombwa apeleke faili yake kwenye ghala moja, lililoko katika nyumba ya uchapaji ya wasioona huko Louisville, Kentucky. Kutoka ghala hilo, wenye idhini wanatoa breli, sauti au maandishi makubwa. Ghala halihifadhi vitabu vya breli, linahifadhi mbegu.

Kisha kuna Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Morocco tarehe 27 Juni 2013 chini ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia haki za ubunifu, na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Chama cha dunia cha wasioona kilikuwa kimelalamika kwa miaka kuhusu njaa ya vitabu: chini ya kitabu kimoja kati ya kumi kinapatikana kwa namna ambayo asiyeona anaweza kusoma. Mkataba unaruhusu maktaba na mashirika yanayowahudumia wasioona kutengeneza nakala bila kuomba kibali cha mwenye haki kila mara, na kuzituma nchi nyingine iliyojiunga. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018. Kwa nchi zinazosema lugha moja, maana yake ni rahisi: kitabu cha Kiswahili kilichotengenezwa Nairobi hakihitaji kutengenezwa upya mahali pengine.

Kuna pia vitabu ambavyo havihitaji mkataba wowote, kwa sababu wenyewe wamevifungulia mlango. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kunakili na kubadilisha. Programu ya Bloom, kazi ya SIL, inamsaidia mwalimu kutunga kitabu chake kwa lugha yake, kurekodi sauti, kuandika maelezo ya picha na kutoa EPUB. Hata lugha ndogo inaweza kupata kitabu kwa njia hiyo.

Na sisi?

Upande wa maandishi ya sheria, RDC haiko nyuma. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Mkataba huo unataja breli kwa jina, na unadai elimu itolewe kwa njia zinazomfaa kila mtoto. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria maalum, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure. Upande wa pili, sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, wakati ambapo kitabu kilikuwa karatasi na wino tu.

Lakini kutoka Kirolirwe hadi taasisi ya taifa ya wasioona, INAV, iliyoko Kinshasa, ni safari isiyo na barabara. Mtoto wa Masisi hawezi kungoja Kinshasa. Anahitaji kitu kinachoweza kuanza na walimu waliopo, kompyuta iliyopo na paneli ya jua iliyopo.

Tusijidanganye, faili peke yake haifundishi. Kwanza, simu ina bei, na simu ya mtoto asiyeona ndiyo ya kwanza kuuzwa nyumba ikikosa unga. Pili, sauti si kusoma. Mtoto aliyesikiliza tu kwa miaka sita atajua mengi, lakini hataweza kuandika jina lake, wala kujua kama "hewa" na "ewa" ni tofauti. Breli lazima ifundishwe kwa mkono, na anayeifundisha lazima aijue. Kibao kidogo cha breli na msumari wake havihitaji umeme. Faili na kibao vinakwenda pamoja: kimoja kinaleta kitabu, kingine kinaleta uandishi. Tatu, hesabu na maumbo bado ni kazi ngumu. Mlinganyo uliobandikwa kama picha hausomeki na sauti. Unatakiwa uandikwe kwa njia maalum, na mchoro wa jiometri unahitaji nundu kwenye karatasi au uzi uliogundishwa juu ya katoni.

Hata hivyo, kuna kazi ambayo haingoji wafadhili. Katika Sake, Kitshanga na Goma, wanaopiga mitihani na kozi za walimu kwenye kompyuta ni vijana wa maduka ya fotokopi na makatibu wa shule. Wao ndio wachapishaji wetu wa kweli. Wakibadilisha tabia tano, nusu ya njia imekwisha.

Kwanza, kichwa kiandikwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu, kwa kiwango chake, si kwa kunenepesha tu. Pili, orodha na majedwali yatengenezwe kwa vyombo vyake, na jedwali liwe rahisi, lenye safu ya vichwa juu. Tatu, kila picha yenye maana ipewe sentensi ya maelezo. Nne, lugha ya faili na ya kila aya ya kigeni itajwe. Tano, na hili ndilo kubwa, faili ya asili itunzwe. Wengi wakishachapa karatasi wanafuta faili ili kupata nafasi, au wanabaki na PDF tu. Anayefuta faili ya asili amechoma mbegu akabaki na unga.

Baada ya hapo, WordToEPUB, programu ya bure ya DAISY Consortium, inageuza hati ya Word kuwa EPUB yenye milango. Thorium Reader, nayo ya bure, inaisoma kwenye kompyuta. Intaneti inahitajika siku ya kupakua programu tu. Kazi nyingine zote zinafanyika bila mtandao, na kitabu kinapita kutoka simu hadi simu kwa fleshi au Bluetooth, kama nyimbo zinavyopita.

Kwa viongozi wa elimu, jambo la kudai ni moja: kila anayeleta vitabu katika shule za jimbo, awe mchapishaji, shirika la nje au mfadhili, atoe pia faili iliyopangwa. Hakuna gharama ya karatasi ndani yake. Sharti hilo likiandikwa katika mkataba wa ununuzi kabla ya vitabu kuchapwa, ni mstari mmoja. Likikumbukwa baada ya malori kufika, ni miaka ya kuandika upya.

Siku moja watu wa Kirolirwe watakaa na kulima na kuchunga bila kusikiliza mlio wa mbali. Mpaka siku hiyo ifike, na tunaomba ifike upesi, kuna watoto ambao elimu yao lazima iwe nyepesi kiasi cha kukimbia nayo. Kitabu chao kinaweza kutosha kwenye pindo la kitenge, lakini kwa sharti kwamba mtu fulani, mbele ya kompyuta fulani mjini, alichukua dakika chache kuonyesha kichwa ni kipi, ukurasa ni upi, na ramani ile inaonyesha nini.